Ubinafsi wakati wa njaa: ni tabia mbaya au ni ugonjwa?

Kuna maneno ambayo daktari wa mjini huyasikia karibu kila siku akiwa na wagonjwa wake. "Daktari, siku hizi kila mtu na lake." Huyasema mama mwenye shinikizo la damu ambaye amekaa mwezi mzima bila dawa kwa sababu aliona haya kumwomba ndugu yake pesa. Huyasema pia yule ndugu, akija siku nyingine kutibiwa vidonda vya tumbo, akieleza jinsi simu za kutoka nyumbani zinavyomnyima usingizi. Bei zimepanda, kazi ni haba, na wengi wameamua kwamba mambo yakizidi kuharibika, dawa ni kufunga mlango na kula hicho kidogo ulicho nacho pamoja na wanao.

Je, uamuzi huo unafaa kiafya? Swali hili tumezoea kuwaachia wahubiri na wanasiasa, lakini pia ni swali la daktari, kwa sababu majibu yake hupimwa kwa kilo, kwa sentimita na kwa idadi ya makaburi. Na mahali ambapo swali lenyewe limeulizwa mara nyingi zaidi katika nchi yetu si Nairobi wala Mombasa. Ni Turkana.

Ukitoka Lodwar na kuelekea mashariki, upande wa ziwa, utafika Kerio. Mto wenye jina hilo huanzia nyanda za juu karibu na Ikweta, ukapita bondeni kati ya ukuta wa Elgeyo na vilima vya Tugen, kisha ukasafiri kaskazini hadi kumwaga maji yake katika Ziwa Turkana, yaani ukiwa na maji. Sehemu kubwa ya mwaka, huko mwisho wa safari yake, mto huwa mchanga mtupu na watu huchimba visima humo humo. Kandokando ya mto husimama mikoma. Akina mama husuka vikapu na mikeka kwa majani yake, na njaa ikibisha hodi, matunda yake hutwangwa yakaliwa. Mkoma ni mti wa heshima katika sehemu hizo, ila mtoto anayelishwa makoma peke yake kwa wiki kadhaa hafiki mbali.

Watu wa huko hawahitaji kuelezwa maana ya jamii kuporomoka. Wazee bado hutaja Lopiar, yaani mwaka wa kufagiliwa. Kati ya 1979 na 1981 mvua ilikosekana, magonjwa yakaangamiza ng'ombe na mbuzi, kipindupindu kikapita, na juu ya hayo yote bunduki zilizoporwa katika ghala la silaha la Moroto, baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, zikafanya uvamizi wa mifugo kuwa mauaji ya halaiki. Makumi ya maelfu ya watu waliishia katika kambi za kugawiwa chakula. Tena juzi juzi, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo. Kote nchini mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, na zaidi ya Wakenya milioni 4 wakahitaji msaada wa chakula.

Basi watu ambao huporomokewa na dunia mara kwa mara kiasi hicho wamejifunza nini kuhusu kujitegemea na kutegemeana?

Bima yenye kwato

Mwanaanthropolojia Mwingereza, Philip Gulliver, aliishi na Waturkana mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1955 alichapisha kitabu kinachowalinganisha na majirani zao Wajie wa Uganda. Jambo lililomshangaza ni kwamba utajiri wa Mturkana haukuwa katika zizi lake peke yake. Kila mwanamume alikuwa na watu wake wa mifugo: ndugu wa damu, wakwe, na marafiki aliowachagua mwenyewe, wengine wakiishi mwendo wa siku nyingi. Leo mmoja anampa mwenziwe ngamia wa mahari, mwaka kesho kutwa mwenziwe anampa yeye mbuzi wa kuanza upya.

Mtu wa mjini akisikia hivyo hudhani ni ukarimu tu. Ukarimu upo, lakini tazama hesabu yake. Ukiwa na mbuzi 80 mahali pamoja, mvua ikikosa hapo au mwivi akifika hapo, unaamka maskini. Ukiwa na 40 kwako na madeni ya 40 yaliyotawanyika kutoka Kerio hadi Lokichoggio, si rahisi ukose yote kwa usiku mmoja. Hii ni bima. Tofauti yake na bima ya afya tunayokatwa kwenye mshahara ni kwamba hii ina kwato, na anayelipa anamjua kwa sura yule atakayemlipa.

Wamaasai wana mpango unaofanana na huo, wanaouita osotua, neno ambalo pia lina maana ya kitovu. Masharti yake ni mawili tu: usiombe ila ukiwa na shida ya kweli, na ukiombwa, toa kama unaweza kutoa bila wewe mwenyewe kuanguka. Hakuna daftari la madeni. Mwaka 2011 watafiti watatu wa Marekani, akiwemo Lee Cronk ambaye amefanya kazi Laikipia kwa miaka mingi, waliweka masharti hayo katika kompyuta na kuona yatafanya nini kwa mifugo. Makundi ya mifugo ya watu waliosaidiana kwa njia hiyo yalidumu kwa muda mrefu zaidi kuliko ya watu waliokaa kila mtu na yake.

Wageni wanaofika Turkana kwa mara ya kwanza, tukiwemo sisi madaktari, hulalamika kwamba watu wa huko wanaomba mno. Huombwa tumbaku, huombwa shati, huombwa saa waliyoivaa. Gulliver mwenyewe alilalamika. Inachukua muda kung'amua kwamba kuomba huko si kujidhalilisha. Ni kupima kama wewe ni mtu wa kuhesabiwa. Asiyeombwa kitu hana mtu.

Nakumbuka mama mmoja aliyemleta mtoto wa kiume wa miaka kama miwili, amekonda, macho yameingia ndani. Nilipouliza maswali ya kawaida, amezaliwa lini na amenyonya hadi lini, mama hakuwa na majibu.

"Mama, huyu si mtoto wako?"

"Ni wangu, daktari. Lakini sikumzaa."

Baba wa mtoto alikuwa akihamahama mbali, upande wa mpaka, na mifugo yake ilikuwa imekwisha. Aliwagawa watoto wake kwa watu wake, na huyu akaangukia Kerio. Nilimuuliza mama ana uhusiano gani na baba huyo. Akaniambia kwamba miaka mingi iliyopita mtu yule alimpa mume wake ngamia jike. Kwake yeye, jibu lilikuwa kamili, na mimi nikabaki kutafuta katika fomu mahali pa kuandika ngamia.

Watu wa mlimani

Sasa tugeukie upande wa pili wa hoja. Ukiwa Kakuma na ukatazama magharibi siku isiyo na vumbi, utaona milima inayopanda kuelekea Uganda. Huko juu, katika wilaya ya Kaabong ya Karamoja, huishi watu wachache waitwao Waik, takriban 10,000 na ushei. Ni majirani wa Waturkana, na kwa muda mrefu waliwekwa mbele ya dunia kama ushahidi kwamba binadamu akibanwa vya kutosha, hubaki mnyama.

Aliyeeneza habari hiyo ni Colin Turnbull, mwanaanthropolojia ambaye awali alikuwa amepata sifa kwa kuandika juu ya Wambuti wa msitu wa Ituri. Alikaa kwa Waik katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1972 akatoa kitabu kilichouzwa kwa wingi. Alieleza kwamba Waik walikuwa wamefukuzwa katika bonde la Kidepo, lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962, na njaa ikawamaliza. Alisema watoto walitolewa nje ya nyumba wakiwa na miaka mitatu wajitafutie. Wazee walipokonywa chakula kutoka vinywani. Mtu akianguka, wengine walicheka. Kwa maoni yake upendo ulikuwa umekufa kabisa, na akapendekeza kwa serikali ya Uganda watu hao watawanywe katika vikundi vidogo vidogo mbali na kwao, ili jamii hiyo ife.

Kitabu kilisisimua watu. Peter Brook alikifanya mchezo wa kuigiza mwaka 1975. Daktari mashuhuri wa Marekani, Lewis Thomas, aliandika makala kukihusu, akisema hakuamini kwamba Mwik ndiye binadamu halisi aliyevuliwa nguo. Aliona afadhali kusema kwamba mataifa makubwa ndiyo yanayoishi hivyo kila siku, bila hata kisingizio cha njaa. Hata leo utamsikia msomi wa mjini akikitaja kutetea ubinafsi wake: tazama Waik, mambo yakiharibika hakuna cha jamaa wala jirani.

Taabu ni kwamba maelezo yenyewe hayakusimama. Mwaka 1974 Fredrik Barth, Mnorwei, alimshambulia Turnbull hadharani akimwambia amewavunjia heshima watu waliompokea. Bernd Heine, Mjerumani bingwa wa lugha za Afrika, alikwenda kwa Waik na mwaka 1985 akaandika kwamba hakuiona jamii ile iliyoelezwa kitabuni. Kwa maoni yake Turnbull hakuijua lugha ipasavyo, na watu aliowaita wawindaji walikuwa wakulima tangu hapo. Hatimaye Cathryn Townsend na wenzake walikwenda huko miaka ya hivi karibuni wakawapima Waik kwa jaribio la kugawana pesa, ambalo limefanywa katika jamii nyingi duniani. Unapewa kiasi, unaulizwa ungempa mwenzako usiyemjua kiasi gani. Katika matokeo yaliyochapishwa 2020, Waik hawakuwa wachoyo kuliko watu wengine. Wao wenyewe husema kwamba kuna mizimu ya ardhi inayowatazama watu na kuwaadhibu wasiogawana.

Je, Turnbull alitunga uongo? Sidhani. Hapa ndipo natofautiana kidogo na wanaomlaumu. Naamini aliona mengi ya aliyoyaeleza, ila hakuwa daktari, na alichokiita tabia kilikuwa dalili.

Mwili ukikosa chakula

Mwaka 1944, vita kuu vikielekea mwisho, Dakta Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alitaka kujua jinsi ya kuwalisha mamilioni ya watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Alipata vijana 36 waliojitolea. Hawakuwa watu wa kuokotwa barabarani: walikuwa na afya njema, na walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao za amani. Ukitaka watu wa kupenda wenzao, ndio hao.

Kwa wiki 24 walipewa viazi, mikate, tanipu na makaroni, jumla ya kalori 1,570 hivi kwa siku, ilhali walitakiwa kutembea na kufanya kazi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini jambo lililoshangaza zaidi lilikuwa mienendo yao. Mizaha ilikoma. Walianza kula peke yao, wakikinga sahani kwa mkono, kisha wakazilamba. Walikusanya vitabu vya mapishi na kuota chakula usiku. Hamu ya wanawake iliwatoka. Walikasirika kwa mambo madogo, wakashindwa kukubaliana jambo lolote kama kikundi, na wengine wakaiba chakula na kudanganya. Mmoja alijikata vidole kwa shoka, na baadaye hakuweza kusema kwa hakika kama alikusudia.

Watu hao hawakulelewa vibaya. Hakuna mila yao iliyokufa kwa wiki 24. Kilichotokea ni kwamba mwili ukikosa nguvu huanza kufunga vyumba kimoja kimoja, kama mwenye nyumba anayebana matumizi ya umeme. Kwanza hufunga uzazi, hupunguza joto la mwili na mapigo ya moyo, hula misuli. Ubongo nao hubaki na wazo moja tu. Kumjali mwingine ni kazi inayohitaji nguvu, nayo hufungwa pia. Walipolishwa, utu ulirudi, ingawa kwa wengi ulichukua miezi.

Mambo haya yanaonekana katika wodi yoyote ya watoto wenye utapiamlo, iwe Lodwar au Kakuma. Mtoto mwenye unyafuzi, yule anayevimba miguu na nywele zake kubadilika rangi, hununa na kulia akiguswa, hataki kuchezewa. Aliyekonda hadi kubaki mifupa hutulia kimya, halii hata akidungwa sindano. Tabasamu la kwanza la mtoto huyo tunaliandika kwenye kadi kama kipimo cha kupona, na huja kabla ya uzito kupanda kwa maana.

Lakini mama yake je? Mara nyingi mama hukaa kando ya kitanda akiangalia ukuta. Humsahau mtoto saa ya kulishwa. Nimewasikia wahudumu wakimkemea kwamba ni mzembe, hana uchungu wa mwana. Mpime mkono mama huyo! Kwa mjamzito au anayenyonyesha, mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 21 tayari ni mgonjwa wa lishe duni. Mpe chakula kwa wiki mbili halafu umtazame tena.

Kwa hivyo, msomaji, unapoambiwa kwamba shida huonyesha sura halisi ya binadamu, uliza kwanza huyo binadamu alikuwa na kilo ngapi. Shida ya kawaida, hata kubwa, huwafanya watu wengi wasogeleane. Ubinafsi ule wa kutisha huja mwishoni kabisa, wakati mtandao wa watu umekwisha kukatika na mwili wenyewe unakatika. Turnbull alifika mwishoni.

Kugawana kunaposhindwa

Nisieleweke kwamba naisifu jamii bila kuona kasoro zake. Kusaidiana kuna mahali pa kushindwa, na daktari hupaona kabla ya wengine.

Hushindwa pale ambapo wote wamepoteza kwa pamoja. Rafiki wa mifugo ana faida tu kama mvua imemnyeshea yeye. Katika Lopiar, na tena 2022, mtu alitembea siku nne kwenda kwa rafiki yake na kumkuta naye amekaa chini ya mti bila mbuzi hata mmoja. Isitoshe, watu wakikusanywa katika kambi moja ya chakula, wote huwa maskini wa mahali pamoja, na yule rafiki wa mbali anayeweza kusaidia hupotea machoni. Terrence McCabe, Mmarekani aliyewafuata Wangisonyoka wa kusini mwa Turkana tangu mwaka 1980, ameandika mwaka 1990 juu ya jinsi njia za zamani za kukabili ukame zilivyovunjika. Msaada ni lazima, watu wasife. Ila namna unavyotolewa inaweza kujenga au kukata kamba ambazo watu watazihitaji mwaka ujao.

Halafu kuna suala la Plumpy'Nut, ile siagi ya njugu katika pakiti ndogo tunayowapa watoto waliokonda sana. Pakiti moja ina kalori 500. Mtoto hupewa pakiti kadhaa kwa siku kulingana na uzito wake, na akizila zote kwa kawaida hupona nyumbani bila kulazwa. Wiki moja baadaye anarudishwa na hajaongeza hata gramu. Kwa nini? Mama ana watoto wanne, na sisi tumempa chakula cha mmoja. Amefanya alivyofundishwa tangu utotoni, amegawa. Tunaweza kumwambia mara kumi kwamba hiyo ni dawa, na ni kweli ni dawa. Lakini ukimtaka mama amlishe mmoja huku watatu wakitazama, unamfundisha ubinafsi ule ule ambao Turnbull aliulaani. Mimi naona jibu ni kumpa mama unga, maharagwe na mafuta ya nyumba nzima pamoja na pakiti za mgonjwa. Mahali ambapo chakula cha familia kimetolewa pamoja na cha mgonjwa, mahubiri huwa mafupi.

Kuna pia mzigo wa wachache. Mjini Lodwar mwalimu au muuguzi mmoja mwenye mshahara huwa na watu kumi na zaidi nyuma yake, na kila mwisho wa mwezi foleni mlangoni kwake huwa ndefu kuliko ya zahanati. Watu wa aina hiyo huja na shinikizo la damu, maumivu ya kichwa na usingizi uliopotea wakiwa bado vijana. Nao nawakumbusha sharti la pili la osotua: toa kama unaweza bila wewe kuanguka. Anayesema "mwezi huu sina" hajaiacha jamii yake. Anayezima simu ndiye ameiacha.

Kambini Kakuma, iliyofunguliwa 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan, mambo haya yamejaribiwa upya. Kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei sasa ina takriban watu 300,000 kutoka mataifa mengi. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wa chakula ulikatwa, halafu familia zikawekwa katika makundi kulingana na hali zao. Kundi lililoonekana kuweza kujimudu likaachwa bila mgao, na kukawa na maandamano. Sishangai. Mgao hugawanywa kwa kadi ya familia, lakini sufuria haijui kadi. Anayepewa atamlisha jirani asiyepewa, mwenye duka atakopesha hadi ashindwe, na mama wa Kiturkana aliyekuwa akileta kuni kambini kwa kubadilishana na unga atarudi nyumbani mikono mitupu. Ukikata chakula cha mmoja umepunguza cha watano, na wengine wao hawamo kabisa katika daftari la wakimbizi.

Tuliofunga milango

Turudi mjini, tulikoanzia. Julai 1995 joto kali liliikumba Chicago, Marekani, na katika muda wa siku chache watu 739 zaidi ya kawaida walikufa. Wengi walikuwa wazee waliokutwa peke yao ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi. Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili iliyopakana, yote ya watu maskini, yenye wazee wengi wanaoishi peke yao. Mtaa mmoja ulikuwa na maduka, vibaraza na watu wa kupita. Mwingine ulikuwa umehamwa na kuwa mahame. Vifo vilikuwa vingi mno katika ule wa pili. Hakuna aliyekufa Chicago kwa kukosa ngamia, lakini walikosa mtu wa kugonga mlango.

Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 308,000. Wenye uhusiano wa karibu na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wapweke kwa asilimia 50. Faida hiyo inakaribia ile ya kuacha sigara.

Katika kliniki yangu sasa, nikisha kuuliza habari za sukari na chumvi, huuliza pia mambo mengine. Ukiugua usiku wa manane, utampigia nani simu kwanza? Usipoufungua mlango wako hadi saa sita mchana, nani atashtuka? Je, una chama, na kati ya wanachama kuna yeyote anayepata riziki yake kwa njia tofauti na yako? Swali hili la mwisho ndilo la Kiturkana hasa. Chama cha watu kumi wanaofanya kazi katika kiwanda kimoja kitavunjika siku kiwanda kikifungwa, kama ilivyokuwa kwa marafiki waliokaa chini ya wingu moja lisilonyesha.

Wale walio na jamaa Turkana na sehemu nyingine kame huniuliza watume pesa lini. Tumeni mapema, wakati mbuzi bado wanasimama na duka bado linakopesha, maana shilingi elfu moja ya mwezi wa pili wa ukame hufanya kazi ambayo elfu tano za mwezi wa nane haziwezi. Serikali imekuwa na mpango wa kuwatumia fedha wakazi maskini wa kaunti kame, Turkana ikiwemo, ambao kwa muda mrefu ulitoa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili. Faida yake moja isiyosemwa sana ni kwamba yule anayezipata hurudi kuwa mtu wa kuombwa.

Na ukimpata mtu aliyekaa na njaa muda mrefu, awe mtoto au mzee, usimpakulie sahani kubwa kwa huruma. Mwili uliozoea kukosa unaweza kushtuka na moyo ukasimama. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, na umfikishe haraka kituo cha afya, ambako ataanzishiwa maziwa maalumu mepesi kila baada ya saa mbili au tatu kabla ya vyakula vizito. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5 asisubiri kesho.

Kipimo chenyewe ni utepe wenye rangi tatu, kijani, manjano na nyekundu, na hauhitaji kujua kusoma. Katika kaunti kame, Turkana ikiwa mojawapo, akina mama wamefundishwa kuutumia wenyewe nyumbani badala ya kungoja siku ya kliniki. Kila mama hupewa wake kwa ajili ya watoto wake. Ukimtembelea mmoja wao utakuta amekwisha kuupitisha mikononi mwa watoto wote wa boma, na wa boma la jirani pia, na mara nyingi utepe wenyewe huwa haupo nyumbani, umeazimwa.